Mvuvi ni nani? Majina ya Kiingereza yanayogombaniwa Kanada

Juma hili tunakupeleka Toronto, jiji lililo kando ya Ziwa Ontario nchini Kanada, tukizungumzia neno moja la Kiswahili ambalo Kiingereza kimeligawa mara nne au tano, na mizozo iliyozaliwa na mgawanyo huo.

Kisa chenyewe kilianzia mezani pangu, mwezi Oktoba mwaka 2020. Nilikuwa nikitayarisha taarifa ya habari kuhusu ghasia za jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Mwezi uliotangulia, tarehe 17 Septemba, watu wa jamii ya Sipekne'katik, ambao ni sehemu ya wenyeji wa asili waitwao Mi'kmaq, walikuwa wameanza kuvua kambakoche katika bandari ya Saulnierville nje ya msimu uliowekwa na serikali, wakisema mkataba wa mababu zao unawapa haki hiyo. Wavuvi wengine, wengi wao wazungu, walipinga. Mitego iling'olewa, magari yaliharibiwa, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Oktoba ghala moja la kuhifadhia kambakoche likateketea kwa moto huko Middle West Pubnico.

Nilipomaliza kutafsiri nilisoma sentensi yangu ya kwanza kwa sauti, kama tufanyavyo kabla ya kuingia studio. Ilisema: wavuvi wamewazuia wavuvi kuvua, huku wavuvi wakiitaka serikali iwalinde wavuvi. Mwenzangu aliyekuwa akisubiri kipaza sauti aliangua kicheko. Mimi sikucheka sana, kwa maana zilikuwa zimesalia dakika kumi na moja tu.

Kosa halikuwa la Kiswahili. Katika karatasi ya Kiingereza niliyokuwa nikiitafsiri, kila upande ulikuwa na jina lake. Wazungu waliitwa 'fishermen'. Wa-Mi'kmaq mara waliitwa 'fishers', mara 'harvesters', yaani wavunaji. Afisa wa serikali aliyenukuliwa aliwaita wote 'fish harvesters'. Kisha katika aya ya mwisho kukatajwa chama cha 'anglers' ambacho hakikuhusika na lolote ila kutoa maoni. Mimi nilikuwa na neno moja tu, mvuvi, nikawavisha wote kanzu ile ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia asili ya majina haya, na wasikilizaji kadhaa wanaojifunza Kiingereza wamewahi kutuuliza swali hilo hilo: tofauti yake ni nini hasa?

Tuanze na lililo kongwe. 'Fisher' limo katika Kiingereza tangu enzi zile ambazo Mwingereza wa leo hawezi kuisoma lugha ya mababu zake bila kufundishwa. Yapata mwaka 1000, mtawa mmoja aitwaye Ælfric alitunga mazungumzo ya kuwafunza watoto Kilatini, na miongoni mwa wanaohojiwa humo yumo mvuvi, ambaye katika tafsiri ya Kiingereza cha kale anaitwa 'fiscere'. Mwalimu anamwuliza kwa nini haendi kumwinda nyangumi. Mvuvi anajibu kwamba anapenda zaidi samaki anayeweza kumwua yeye kuliko samaki anayeweza kumzamisha pamoja na wenzake. Hilo ni jibu ambalo nahodha yeyote wa Kilwa angelielewa bila mkalimani.

'Fisherman' lilikuja baadaye, kwa kuongezea 'man' mwishoni, yaani mtu, na hasa mtu mume. Kwa muda mrefu maneno hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inayatumia yote: katika Mathayo ni 'fishers', katika Luka sura ya tano ni 'fishermen'. Biblia yetu ya Kiswahili inasema wavuvi kotekote, na msomaji hajapoteza kitu. Polepole 'fisher' likafifia katika mazungumzo, likabaki vitabuni na kanisani, na 'fisherman' likatawala bandarini.

La tatu, 'angler', lina ukoo mwingine. Linatokana na neno la kale la ndoano. Ukilitazama hivyo unaweza kudhani kwamba mzee wa Gazi anayetupa mshipi wake usiku kucha ni 'angler'. Sivyo. 'Angler' ni mtu anayevua kwa ndoano kwa ajili ya kujifurahisha. Riziki yake iko mahali pengine. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuchapishwa kuhusu uvuvi wa namna hiyo kilitoka Westminster mwaka 1496, na kwa karne nyingi kimesemwa kuwa ni kazi ya mwanamke, mtawa aitwaye Juliana Berners, ingawa wanahistoria wanatilia shaka. Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa 'The Compleat Angler', na tangu hapo jina hilo limekuwa na harufu ya nyasi, kivuli cha mti na chakula kilichofungashwa kutoka nyumbani.

Tofauti hiyo ya riziki na burudani huenda ikaonekana ndogo. Ilipovuka bahari na kuingia katika sheria za Kanada, ikawa kubwa.

Hapa inanibidi niseme jambo kuhusu jiji ninamoishi. Wakazi wengi wa Toronto hawajui kwamba jina la mji wao ni neno la uvuvi. Asili yake ni neno la Kimohawk, 'tkaronto', ambalo hufasiriwa kuwa mahali ambapo miti imesimama majini. Miti hiyo haikuwa msitu. Ilikuwa nguzo zilizochomekwa chini ya maji katika mlango mwembamba kati ya Ziwa Simcoe na Ziwa Couchiching, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kaskazini mwa jiji, ili kuwaongoza samaki waingie mtegoni. Kwetu pwani tungesema ni wando, au uzio. Nguzo za mahali hapo, paitwapo Mnjikaning, zimepimwa na kuonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 4,500. Mfaransa Samuel de Champlain alipita hapo mwezi Septemba mwaka 1615, akaona jinsi mlango mzima ulivyozibwa, ukaachwa uwazi mdogo wa kutegea nyavu. Katika ramani za Wafaransa jina hilo likapewa ziwa, kisha njia ya kuelekea kusini, kisha ngome iliyojengwa mwaka 1750 ufukweni mwa Ziwa Ontario. Waingereza walipoanzisha mji wao mwaka 1793 waliuita York, na mwaka 1834 wakarudi kwenye jina la wando.

Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wajomba zangu wakikata fito za mikoko. Niliwaza pia: waliojenga uzio ule tuwaite nani kwa Kiingereza? 'Anglers' hawakuwa, maana ndoano haikuwa chombo chao pale. 'Fishermen' ni jina la mtu mmoja mwenye mashua yake na soko lake. Uzio wa namna ile hujengwa na ukoo mzima, wake kwa waume, na hutengenezwa kila msimu.

Waingereza walipofika, Ziwa Ontario lilijaa samoni. Elizabeth Simcoe, mke wa gavana wa kwanza wa Upper Canada, aliandika katika shajara yake ya mwaka 1793 jinsi alivyokwenda kwa mashua usiku wa giza kutazama samoni wakichomwa mikuki kwa mwanga wa mienge ya magome ya miti. Wasikilizaji wanaojua uvuvi wa karabai hawahitaji maelezo zaidi. Jamii ya Mississauga, wenyeji wa ufukwe huu, walipokubali hati ya mwaka 1805 iliyohamisha ardhi ya Toronto, walijiwekea haki ya uvuvi katika mto Etobicoke. Walijua thamani ya kitu wanachokibakiza. Lakini walowezi waliendelea kuingia mitoni kwa mikuki na nyavu, mabwawa ya vinu yakaziba njia ya samaki kupanda kutaga mayai, misitu ikafyekwa na maji yakajaa tope. Ilipofika mwaka 1847 Wamississauga wa mto Credit walikuwa wamekwisha kuhama. Samaki nao hawakuchelewa kuwafuata: samoni wa mwisho wa asili katika Ziwa Ontario alionekana mwaka 1898.

Na serikali ilifanya nini? Kuanzia sheria za mwishoni mwa miaka ya 1850 ilianza kukodisha maeneo na kutoa leseni. Hapo ndipo majina yakageuka kuwa mafungu. Kukawa na mvuvi wa biashara mwenye leseni, kukawa na 'angler', bwana wa mjini mwenye ufito na likizo, ambaye uvuvi wake ulihesabiwa kuwa wa kiungwana. Anayevua kwa mkuki usiku ili watoto wale alianza kuonekana kama mwizi. Hakuwa na fungu.

Fungu hilo linakosekana mpaka leo kwa namna fulani. Jumamosi za kiangazi, katika kingo za ziwa upande wa magharibi wa Toronto, utawakuta watu kutoka kila pembe ya dunia wameegemea vyuma na ndoo zao miguuni. Nimewahi kuwasalimu kwa Kiswahili watu wawili hapo na nikajibiwa. Wanavua kitoweo. Lakini mkazi wa Ontario mwenye umri kati ya miaka 18 na 64 hana budi kuwa na leseni, na leseni kamili imeandikwa kuwa ni ya 'sport', yaani ya mchezo. Mzee mmoja kutoka Mombasa aliniambia: mimi sichezi, mwanangu, nimeletewa orodha na mama watoto.

Tukirudi Nova Scotia, tutaona kwa nini wahariri wa Kiingereza walitumia maneno tofauti siku ile. Mwezi Agosti mwaka 1993, Mmi'kmaq aitwaye Donald Marshall Mdogo alivua mikunga kiasi cha ratili 463 katika bandari ya Pomquet na kuwauza kwa dola 787 na senti 10. Alishtakiwa kwa kuvua wakati uliofungwa na kuuza bila leseni. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Kanada, na tarehe 17 Septemba 1999 mahakama ikaamua kwamba mikataba ya miaka ya 1760 na 1761 kati ya mababu zake na mfalme wa Uingereza inampa haki ya kuvua na kuuza ili apate riziki ya wastani. Miezi miwili baadaye mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba serikali bado inaweza kuiwekea haki hiyo kanuni, ikiwa na sababu za kutosha kama vile kuhifadhi samaki. Huku Ontario, miaka sita kabla ya hapo, mwezi Aprili 1993, Jaji David Fairgrieve alikuwa amewafutia mashtaka Howard Jones na Francis Nadjiwon wa jamii ya Nawash, akisema watu wao wana haki ya kuvua kibiashara katika maji ya Ziwa Huron.

Angalia sasa, msikilizaji. Sheria ilikuwa na mvuvi wa biashara, 'angler', na mwenyeji anayevua kwa chakula na mila. Marshall hakuwa yeyote kati ya hao watatu. Alikuwa mtu wa nne: anauza, lakini kwa mkataba. Mgogoro wa mwaka 2020 ulianzishwa kwa makusudi siku ile ile ya kumbukumbu ya hukumu, ukiwa ni mgogoro juu ya mtu huyo wa nne. Baadhi ya magazeti, kwa kumwandika 'fisherman' mzungu na 'harvester' Mmi'kmaq, yalikuwa yamekwisha kutoa hukumu bila kujua: mmoja ana kazi, mwenzake ana desturi.

Usiku ule hatimaye niliandika 'wavuvi wa Mi'kmaq' na 'wavuvi wenye leseni za kibiashara'. Ni maneno mengi kwa taarifa ya dakika tatu, na msomaji wetu alinilaumu kwa kumkatisha pumzi, lakini wote walibaki wavuvi. Nadhani hapo Kiswahili kilikuwa na haki kuliko Kiingereza.

Kuna ugomvi mwingine juu ya maneno haya, nao unahusu wanawake. Kuanzia miaka ya 1980, baada ya Kanada kupata Hati ya Haki na Uhuru ya mwaka 1982, idara za serikali zilianza kuondoa 'man' katika majina ya kazi. 'Fisher' la zamani likatolewa kabatini, likapanguswa vumbi. Walioudhika kwanza walikuwa wavuvi wenyewe. Walisema 'fisher' ni mnyama, na walisema kweli: ni mnyama wa porini wa jamii ya cheche, mwenye manyoya ya thamani, anayejulikana kwa ujasiri wa kumla nungu. Samaki hamjali sana. Wataalamu wanaeleza kwamba jina lake halikutokana na samaki hata kidogo, bali na neno jingine la kale la mnyama afananaye naye. Ndipo likabuniwa 'fish harvester', mvunaji wa samaki, nalo likachekwa pia, kwa kuwa mtu huvuna alichopanda. Katika Kiswahili ingetosha kuongeza herufi moja, kuvua na kuvuna, na kicheko kingekuwa kile kile. Orodha rasmi ya kazi ya Kanada, iliyotolewa upya mwaka 2021, imeamua kuandika 'Fishermen/women', kwa mkwaju katikati.

Kinachoshangaza ni kwamba wanawake wengi wanaovua katika pwani ya Atlantiki hawakulitaka jina jipya. Hujiita 'fisherman'. Mmarekani Linda Greenlaw, nahodha wa mashua ya kuvulia samaki-upanga, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1999, 'The Hungry Ocean', kwamba yeye ni mwanamke na ni 'fisherman', na kwamba majina mengine yote ya kike hayataki. Nilipokuwa kijana chuoni ningesema huo ni mwiba wa fikra za kiume. Leo ninafikiri tofauti. Jina lile ndilo lililokuwa na leseni, fidia na heshima bandarini, na waliolipata kwa jasho hawakutaka kupewa jina la pembeni.

Fidia hasa. Mwaka 1957 Kanada iliwaingiza wavuvi katika bima ya wasio na ajira, ili wapate chochote majira ya baridi. Lakini kanuni zilimnyima mke aliyevua katika mashua moja na mumewe. Alivuta nyavu, alipasua samaki, alitia chumvi, na karatasini alikuwa mke wa 'fisherman'. Kikwazo hicho hakikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha tarehe 2 Julai 1992 serikali ikapiga marufuku uvuvi wa samaki aitwaye cod huko Newfoundland, baada ya samaki hao kukaribia kwisha. (Nisamehe, siwezi kumwandika 'kodi', usije ukadhani nazungumzia ushuru.) Watu wapatao elfu thelathini walipoteza kazi kwa tangazo moja, na malipo ya serikali yalifuata karatasi. Aliyekuwa na jina alilipwa kwa jina hilo.

Mtu anaweza kusema: afadhali sisi, kwani mvuvi kwetu hana jinsia. Ni mvuvi tu, mume au mke. Nami nilikuwa nikijivunia jambo hilo mbele ya wenzangu wa Toronto, mpaka siku moja nilipomkumbuka bibi yangu.

Bibi aliishi katika kijiji cha pwani kusini mwa Tanga. Maji ya bamvua yalipokupwa, alikuwa akitoka na wenzake kwenda mwambani na chuma chake, na kurudi na pweza wawili, watatu, pengine watano. Siku nyingine walitanda dagaa kwa kitambaa, wanawake wawili wawili. Babu alikuwa na ngalawa, na kuna miezi ambayo ngalawa haikutoka kwa sababu ya upepo. Miezi hiyo tulikula pweza wa bibi. Lakini hakuna aliyesema bibi anakwenda kuvua. Tulisema amekwenda pwani, amekwenda kuchokoa. Waandikishaji walipopita nyumbani na kumwuliza kazi yake, alijibu: mke wa mvuvi. Nilikuwa nimeketi kando yake, na sikuona kasoro yoyote.

Mwaka 2023 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na washirika wake walitoa uchunguzi mkubwa kuhusu uvuvi mdogo duniani, wakakadiria kwamba wanawake ni kama asilimia 40 ya watu wanaoufanya, wakihesabiwa pia wanaokausha, wanaouza na wanaovua kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Shirika hilo limekuwa likisema 'fishers and fish workers', yaani wavuvi na wafanyakazi wa samaki, ili wengi zaidi waingie katika hesabu.

Na kuhesabiwa kuna bei. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari mpya. Bilioni hizo hazigawanywi kwa bahari, hugawanywa kwa orodha ya majina, na kila jina katika orodha ni lazima liwe la mvuvi. Nilipoisoma habari hiyo hapa studioni, jambo la kwanza lililonijia ni lile jibu la bibi. Angekuwa Lamu, na mwandishi wa orodha akapita mlangoni kwake na kumwuliza kazi yake, najua angejibu nini.

Makala haya yametayarishwa na kusomwa kutoka Toronto.